Mstari wa Matimba

Katoro, tarehe 9 Machi. Huu ni mwezi wa saba tangu nitoke nyumbani.

Mke wangu Mama Kabula,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mama yako ameanza kula? Na pamba huko Kishapu imepata mvua au bado? Mimi nipo, mguu umefungwa plasta hadi gotini, ndiyo maana sikuweza kumsindikiza mdogo wako Luhende kwenda kuzikwa. Umenipigia simu mara nyingi ukiuliza Luhende alikufaje. Nikisikia sauti yako nageuza maongezi. Nimeona niandike, na barua hii anakuja nayo dereva wa lori la mahindi.

Unajua alivyopenda redio. Wiki ile aliyokufa walikuwa wanabishana redioni: bunge likishapitisha bajeti, rais apewe uwezo wa kufuta kifungu kimoja asichokitaka na kusaini vilivyobaki, au aikubali yote ama airudishe yote? Kwa mama ntilie hapa hakuna aliyenyamaza. Luhende alikuwa upande wa rais.

"Apewe! Akiona wamejipangia safari za Ulaya anakata hapo hapo, hospitali zinabaki."

Juma, Muha tunayechimba naye, akamcheka. "Na akiikata hospitali yenu, Msukuma, utamfanya nini?"

"Rais mzima akate hospitali, ana wazimu?"

Nikamwambia, "Shemeji, wewe ukipewa hiyo kalamu utafuta hata chumvi kwenye maharage."

Alicheka mpaka chai ikampalia.

Jambo lenyewe halikuwa geni kwetu. Hapa kabla ya kuchimba duara, yaani shimo la dhahabu, tunakaa wote juu ya mifuko ya mawe, tunakubaliana gharama zipi zitoke kabla ya mgawo: chakula, pampu ya maji, na matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za shimo. Zinaandikwa, zinasomwa, basi. Mwenyekiti wa kikundi chetu alikuwa haruhusiwi kugusa orodha hiyo. Ila kwenye duara lililopita watu fulani waliingiza posho ya mlinzi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na kikaoni walikuwa wengi. Mwenyekiti akaifuta peke yake, tukampigia makofi. Tangu siku hiyo tukamwachia kalamu. Sikufichi, ilitusaidia.

Safari hii akafuta matimba. Alisema mwamba ni mgumu, unajishikilia wenyewe. Juma alipomuuliza, akajibu, "Si ndiyo kazi mliyonipa?" Luhende akajifunga kamba, akaniambia, "Shemeji twende, tutabishana jioni."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi nilikuwa ngazi ya juu napokea mawe, yeye chini. Ukuta ulishuka bila kelele nyingi, kama mchanga unaomwagwa kutoka kwenye tela. Mimi ulinikamata mguu. Yeye ulimfunika. Juma na wenzake walichimba kwa mikono, na walipomfikia alikuwa hana pumzi tena. Uso wake haukuumia. Mwambie mama yako hilo.

Sasa wenzangu wanafungua duara jipya. Wanataka mwenyekiti abaki na uwezo ule ule, ila awe mtu mwingine, mwenye huruma. Jumamosi nilipelekwa kikaoni kwa bodaboda, nikasema hata awe malaika, asipewe kalamu hiyo. Asichokitaka akirudishe kikaoni, aseme mbele yetu kwa nini, tubishane, hata kazi ikichelewa. Kwa rais nami naona hivyo hivyo. Najua wabunge nao wanajipangia, Luhende hakukosea hapo. Lakini anayefuta anaona mstari mmoja tu kwenye karatasi. Chini ya mstari ule alikuwepo mdogo wako.

Wengine pale kikaoni wakafuta machozi. Halafu wakapiga kura nikashindwa. Aliyenyoosha mkono pamoja nami ni Juma peke yake.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Kaka yangu mkubwa mshukuru kwa kusimamia kaburi kwa niaba yangu. Shangazi aliyelala nanyi msibani msalimie sana. Kabula mwambie jembe langu dogo sasa ni lake.

Plasta inatolewa mwisho wa mwezi. Wiki ya Pasaka nitakuwa hapo, nitaanzia kaburini ndipo nije nyumbani, na huku sitarudi tena.

Mumeo,
Baba Kabula