Chumba cha Kabange Huku Mulimani

Kalemie, kartie ya mulimani

Kwa Kabange, ndugu yangu wa tumbo moja na siku moja,

Mimi Kyungu nina miaka sabini na nane. Na wewe pia, ila mimi nilitangulia kutoka ili niangalie kama dunia inafaa, njo maana unapaswa kunisikiliza. Nimezika muke wangu, Mungu amuweke pazuri. Nimezika wakubwa wangu wote wa bandarini, hata yule aliyesema kifua changu hakitamaliza mwaka. Nimepita vita, nimepita kolera, nimepita pesa zilizobadilishwa sura mpaka ulizonazo zinakuwa karatasi ya kuwashia moto. Meno yamebaki machache, lakini mahindi ya kuchoma ninakula. Basi ujue anayekuandikia ni mutu muzima, na anaandika kwa mukono wake mwenyewe, hakuomba mwalimu.

Habari ya goti lako? Habari ya jicho la kushoto? Na ule ukuta wa jikoni, umesimamishwa ama bado umeuegemeza na muti? Usinijibu kwamba yote ni muzuri. Jibu hilo ninalijua, ni mimi niliyekufundisha kudanganya.

Maneno yako yamefika. Yule mufanyabiashara wa samaki wa kukausha anayetoka Ankoro alinikuta sokoni, akayasema mbele ya watu wote: "Muzee, dada yako anasema hivi: Acha kunitengenezea chumba. Mimi si mugonjwa, mimi si yatima. Siendi kukaa katika muji ambamo watu wananunua hata majani ya sombe." Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani sikula.

Ni kweli, Kabange, sombe inauzwa. Muchanga unauzwa. Maji ya ziwa, ziwa ambalo Mungu alilimwaga hapa bure, yanapanda mulima ndani ya bidoni juu ya pikipiki, na yakifika juu yanauzwa. Sitakuficha kitu. Muji huu umevimba kama unga uliotiwa chachu. Kuko wanaokimbia vita vijijini, kuko vijana wanaotoka Manono na habari za mawe yao ya machimboni, kuko watu wa Kigoma wanaovuka na vitenge. Kila paseli, kila kiwanja, inaongezwa chumba, na chumba kinazaa chumba, mpaka jiko linakuwa pa kulala na watu wanapikia njiani. Vijana wanakusalimia macho yao kwenye telefone. Lakini nimeona pia wasichana waliokuwa wanauza maandazi kwa sinia, leo wanaagiza mali ng'ambo na wanasimamisha nyumba za matafari ya kuchoma kabla ya kaka zao. Zamani mwanamuke alijengewa. Sasa yeye njo anajenga, na fundi anamwamkia.

Unakumbuka nilipojenga huku juu, rafiki zangu wa bandarini walisema, "Kyungu ameenda kupanga kwa nyani"? Sasa ziwa limepanda, limekula avenyu za chini, kuko nyumba ambamo samaki wanaingia kwa mulango kama wageni. Wale wale waliocheka wanapanda hapa wakihema. "Papa Kyungu, hakuna hata kachumba?" Mimi nilijua mambo haya zamani. (Kweli nilikuja huku sababu chini hakukuwa tena na nafasi kwa mutu kama mimi, lakini hilo ni la sisi wawili.)

Chumba njo hicho kilicholeta vita na mutoto wangu Ilunga. Unajua nilijenga viwili vinavyofanana, mulango na mulango, dirisha na dirisha, kitanda na kitanda, sababu sisi ni mapasa, na kwetu anachopewa pasa mumoja na mwenzake anapewa. Ilunga anafanya kazi ya biro, ya meza na kalamu, anadhani biro imemupa akili. Aliniambia, "Papa, chumba kinakaa tupu, na watu wanalala kwenye baraza za makanisa."

"Si tupu. Ni cha Kabange."

"Lakini shangazi amekataa!"

"Shangazi yako alikataa hata kutoka tumboni. Tulimungoja."

Akaenda kunishitaki kwa muke wake nyumbani kwao.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja mvua imetoka kukatika, nikaona mwanamuke kijana mulangoni, beseni kichwani, mutoto mumoja mugongoni na mumoja kifuani, sura moja. Mapasa! Kabange, mimi ni mutu wa Ankoro. Ningefanya nini? Nilisimama, nikapiga makofi, nikamwimbia ule wimbo wa mapasa, na matusi yake yote, kama walivyomwimbia mama yetu. Nilimutukana yeye, nikamutukana bwana yake, nikafika mpaka kwa wakwe zake na maumbile yao. Tena niliimba kwa Kiswahili, ili asikose kitu.

Kumbe yeye ni mutu wa upande wa Moba, amekulia mujini, hajawahi kusikia kwamba kwetu mama wa mapasa asipotukanwa kwa wimbo anajiona amedharauliwa. Alitua beseni.

"Papa! Na mvi zote hizo! Nimekuja kuuliza chumba, wewe unatukana tumbo langu mbele ya watoto?"

Mimi nilidhani ananiitikia. Nikaongeza sauti. Akashika fagio, fagio langu mwenyewe! Mama Numbi, jirani yangu, mujane wa Ankoro kama wewe, akaja mbio. Nikasema, nimepona. Lakini alipoona mapasa na yeye akaingia kwenye wimbo, na matusi yake yalikuwa mabaya kuliko yangu, mimi mwenyewe niliona haya.

"Hii ni kartie ya wendawazimu!" yule mutoto wa watu alilia.

Mama Numbi njo aliyemuelezea, pumzi zimemwisha. Mwanamuke aliketi juu ya jiwe, akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha na machozi yakabaki. Anaitwa Esta. Nyumba yao ya chini iliingia maji, bwana yake yuko machimboni hajarudi. Akasema, "Kila mulango nikifika wanahesabu vichwa, wanasema watoto wawili ni kelele, chumba kimepata mutu. Ninyi njo watu wa kwanza kuwafurahia."

Sasa ungefanya nini wewe? Kufukuza mapasa siwezi, na chumba chako kutoa siwezi. Niliwapa changu. Mimi nimehamia chako. Ilunga alikuja akasimama mulangoni: "Leo chumba cha shangazi kina mutu?" Nikamujibu, "Ninamutunzia joto." Kitanda chako, Kabange, ni kizuri kuliko changu. Yule fundi alinidanganya kwamba vinafanana.

Esta aliwapa watoto majina ya kisasa, siwezi hata kuyaandika. Mimi ninawaita inavyopaswa kwetu kuita mapasa, wa kwanza Kyungu na wa pili Kabange. Kyungu ni mutulivu, ana akili. Kabange analia kwa sababu ya kulia, na akishika kidole changu hakiachi mpaka nimwimbie. Mama yao anateremuka asubuhi kwenda kuuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, anarudi jua limeinama, anapika bukari, ugali wetu, tunakula wote. Na katikati ya asubuhi na bukari watoto wanabaki na nani? Na mimi. Mama Numbi ana wajukuu wake, ananisaidia akipata nafasi.

Nimebeba magunia bandarini ambayo vijana wa leo wawili wangeyakimbia. Na watoto hawa wamenishinda. Nikimulaza mumoja, mwingine anamuamusha. Yule mudogo ametoka vipele shingoni, na Mama Numbi anasema kuko majani ya mapasa ambayo mama yetu alikuogeshea. Mimi siyajui. Wewe unayajua.

Zamani nilikuwa ninakuambia uje nikutunze, na wewe ulikasirika, ulikuwa na haki. Leo sikuambii hivyo. Ninakuambia uje sababu nimeshindwa. Neno hilo sijawahi kulimwandikia mutu, na usimwambie mufanyabiashara wa samaki.

Mvua zikikatika, nitapanda treni mpaka Kabalo, kama itakubali kuondoka, na kutoka pale boti mpaka Ankoro. Kama mizigo yako haijafungwa nitakaa jikoni kwako, chini ya ule ukuta, mpaka uifunge. Utalala chumbani mwako. Mimi nitatandika barazani, nimezoea.

Unisalimie shemeji Monga muvuvi, aache kudai kwamba alinishinda kuogelea. Salimia mutoto wetu Ngoie mwalimu, na kaka wa marehemu bwana yako anayechunga mbuzi wako. Na wewe katekista unayemusomea barua hii, usiruke pale nilipoandika kwamba nimeshindwa.

Mashahidi wa maneno yangu njo hawa: Mama Numbi aliyeimba, Esta mwenye fagio, Ilunga, ingawa atasema amenuna. Shahidi mukubwa angekuwa mama yetu, lakini huyo tutamuuliza tukimukuta, na wewe usiwe na haraka.

Mukubwa wako kwa saa moja,
Kyungu