Chokaa Kwenye Mlango wa Matheka

Adoyo, mamangu ametoka kunisimulia kisa cha '83 na bado sijaamini

Kuna Matheka, muuza boriti za mikoko wa Shauri Moyo. Alienda kwao mama, Kwale, akakaa mkutanoni na wanakijiji, wakakubaliana mikoko ya mbegu, ile inayoachwa izae mingine, ipakwe chokaa isikatwe

Na ni yeye alisimama akasema, "Chenye chokaa hakiguswi." Yeye mwenyewe

Mwezi uliofuata lori likamshushia boriti dukani. Zina chokaa, Adoyo. Hata kukwangua hakukwangua

Mama, aliyeishi mtaa huohuo, akaziona. Alfajiri akaupaka mlango wa Matheka chokaa, akakaa hapo akimweleza kila mteja maana yake

Matheka akaja ametoa macho. "Nthenya, futa hiyo kitu"

Mama akamwambia, "Chenye chokaa hakiguswi"