Kanga wa Shamba la Masanja

Jumatatu, 10 Novemba

Nimefungua kibanda saa mbili. Suruali za shule, zipu mbili, gauni la kipaimara la binti wa mwalimu. Sindano imekatika katikati ya gauni. Mchana mvua, wateja hakuna.

Mama Kulwa amepita na jembe begani, macho yamemvimba. Nilidhani anamlilia marehemu tu, maana mumewe Masanja, rafiki yangu, hajamaliza hata miezi mitatu kaburini. Kumbe ni kanga. Wametoka msituni wamefukua karanga zote alizopanda wiki iliyopita, mstari kwa mstari, kama vibarua wa kulipwa. Amebaki na debe moja la mbegu, basi.

Na Shija, mdogo wake Masanja, ameshasema: shamba lisipoota mwaka huu anawaita wachimbaji waje kupiga maduara. Watoboe mashimo ya dhahabu pale pale kaka yake alipolima maisha yake yote. Mjinga yule.

Nimemwambia shemeji apande tena, hao kanga aniachie mimi. Nimetamba mno.

Jumatano, 12 Novemba

Amepanda jana. Leo alfajiri nimekwenda na wavu. Majigambo yangu yamenitokea puani.

Kuita kanga kunataka watu wawili. Mimi nilikuwa dume: nakaa kichakani upande wa msitu, naita sauti moja moja, kavu. Masanja alikuwa jike: analala nyuma ya wavu, anaita sauti mbili, ya pili inapanda juu. Kundi linanisikia mimi, linatoka. Linamsikia yeye, linamfuata, linaingia wavuni. Miaka na miaka tumekula kanga hivyo. Sikujifunza upande wake, wala yeye wangu. Ya nini, na mwenzio yupo?

Nimeita peke yangu. Wametoka, wamesimama katikati ya shamba wakinitazama. Wamefukua mstari mmoja mbele ya macho yangu, kisha hao, wakaondoka taratibu. Nimewatupia kiatu.

Hasira zangu zote zimemwendea Masanja. Mtu wa kukimbia porini kutwa, unakufaje kwa presha, unaniacha na nusu ya sauti?

Alhamisi, 13 Novemba

Nimejaribu sauti ya jike kibandani. Muuza vocha wa jirani ameuliza kama nimemeza filimbi. Wateja wamecheka mpaka wakasahau kudai nguo zao.

Masanja hakuwa na haya. Aliita kanga popote: juu ya baiskeli, kwenye foleni ya zahanati, na mara moja kwenye misa ya mavuno. Padri alinyamaza akatafuta ndege darini. Sisi wa nyuma tuliuma vidole tusicheke. Sauti yake ya pili ilikuwa na mkwaruzo mwishoni, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa sato. Kila siku nilimwambia arekebishe. Akasema kanga wa huku nao ni Wasukuma, lazima wawe na lafudhi. Nimelikumbuka hilo nikipiga pasi. Nimecheka peke yangu, halafu ghafla sikuwa nacheka tena.

Nimemmisi yule mtu. Sana.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimeshindwa jana, nimeshindwa leo. Mistari mingine imekwenda.

Shija amekuja na mchimbaji mmoja wa Katoro. Wamezunguka shamba wakiokota mawe, wakiyapaka mate na kuyageuza juani. Mama Kulwa amewapa viti, amewapa maji. Uvumilivu wa namna ile mimi sina. Ningewamwagia hayo maji.

Walipoondoka ameniambia, "Shemeji, kesho alfajiri tunakwenda wote."

Nimekataa. Mimi na Masanja hatukumruhusu mwanamke kukaribia wavu. Mikosi, tulisema. Nikaongeza kwamba hata marehemu asingekubali.

"Marehemu alikuwa anafanya mazoezi kitandani," kasema. "Unadhani aliyekuwa anasikiliza ni nani?"

Nimerudi nyumbani bila kuaga vizuri.

Jumapili, 16 Novemba

Misa ya kwanza sikwenda.

Umande mzito. Mama Kulwa kalala kifudifudi nyuma ya wavu, kitenge chepechepe. Mimi kichakani. Nimeita. Kimya. Nimeita tena, kanga wakaanza kutoka.

Akajibu.

Sauti mbili, ya pili ikapanda juu, na mwishoni ule mkwaruzo. Ule ule! Nilijua ni Mama Kulwa, nilimwona kwa macho yangu akilala pale. Lakini niliinuka kichakani kama mwehu nikaita kwa nguvu, "Masanja!" Kundi zima likaruka.

Nimekaa chini nikalia. Msibani sikulia, nilikuwa nahangaika na turubai na masufuria ya kuazima. Leo nimelia kwenye matuta ya karanga, kamasi na kila kitu. Mama Kulwa hakuja kunibembeleza. Alibaki kule kule nyuma ya wavu mpaka nikamaliza, kisha nikamsikia akisema polepole, "Shemeji, jifiche. Wanarudi."

Tumekamata kumi na mmoja. Waliobaki wamekimbilia msituni na jioni hii sijawasikia. Tukiwa tunakunja wavu ameniambia "wabeja", asante ya Kisukuma.

Jumanne, 25 Novemba

Sare za shule zimejaa mezani. Sindano mpya haitulii.

Karanga zimeota. Mistari iliyofukuliwa ina mapengo, lakini ukisimama barabarani unaona kijani mpaka mwisho. Shija amepita peke yake. Amesimama, ametazama, amesalimia. Ameuliza kama palizi ina watu. Nimemwambia aje na jembe. Amesema atakuja. Tutaona.

Jioni nimeupeleka wavu kwa Mama Kulwa. Nimeshona pale kanga walipoupasua. Nimemwambia nusu ulikuwa wa mumewe, kwa hiyo ukae kwake. Ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Kisha ameuliza sauti ya dume inatolewaje, ikitokea siku mimi sipo.

Nimevuta kigoda nikaanza kumfundisha.