Wimbo wa Samaki

New York, Jumatatu

Kwako dada yangu Bernadine,

Zipokee salamu zangu kwanza, habari zitafuata. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Scranton? Na Walt, bado anabishana na televisheni? Mimi nakula na kulala, na baada ya miaka mingi ya kuigiza majirani na wapita njia jukwaani, hatimaye nina wimbo wangu mwenyewe. Sitaki kuupoteza, na ndiyo sababu ya barua hii.

Uliniuliza kwa simu mchezo wenyewe unahusu nini. Dada, hata mtunzi wa muziki hajui. Ameutoa katika filamu mbili za kale, za watu walioota ndoto wakazipiga picha bila kuuliza maana. Hauna kichwa wala miguu: bibi harusi anaolewa na kabati, wageni wanakula saa za mkononi, na mimi naingia na samaki kwenye mkoba, namwimbia alale. Miaka minne tuliufanyia mazoezi katika chumba cha chini ya kanisa, mtunzi akitunga mwisho na kuuchana.

Tulipohamia ukumbini tukaanza maonyesho ya majaribio, yale ya kabla ya kualika magazeti. Watu walikuwa wakitoka wakati wa mapumziko wasirudi. Ivor, mwongozaji wetu, akaacha kula. Jioni moja piano ikaanza wimbo wangu, nikafungua mdomo, maneno hayapo. Nikamtazama samaki. Nikawauliza watu nani kazima jiko, koti hili la nani, na mbona wageni hawa hawaendi kwao. Wapiga muziki wakabaki wanarudia palepale, wakinisubiri. Watu wakacheka, kisha nikasikia mtu analia.

Nikajua nimefukuzwa. Ivor akaja chumba cha kubadilishia nguo, akanikumbatia na poda zangu zote. "Mama, umenimaliza," akasema. "Hicho ndicho tulichokitafuta miaka yote. Ulikificha wapi?" Delphine, msimamizi wa jukwaa, ambaye hata kikohozi hakimpiti, alikuwa ameandika kila neno. Kesho yake nikaletewa kusahau kwangu kumepigwa chapa vizuri, nikariri. Wiki hiyohiyo Ivor akatangaza kuwa mchezo umeganda, na ukishaganda, kwetu huku hata "na" moja haiongezwi mpaka siku ya kufunga. Keziah, mwigizaji wangu wa akiba, hunitania: "Shangazi, nifundishe kusahau basi. Mimi kila nikijaribu nakumbuka tu." Magazeti nayo yakaja, yakasema nina ujasiri.

Bernadine, sikuwa nikiigiza. Maneno yale nayasema kila jioni, na jioni nyingine nayasema kwa kuuliza kweli. Wiki iliyopita nilitoka mlango wa nyuma nikasimama barabarani, nisijue kituo cha treni kiko upande gani. Keziah akanikuta namwuliza mpita njia koti nililovaa ni la nani. Akapiga makofi, akaniambia hata nje sipumziki. Leo hatuna onyesho, nikaenda kwa daktari, akaniambia ni ugonjwa uleule uliomchukua mama. Nimelia kwenye basi mbele za watu. Naogopa, dada. Nikimwambia Ivor, wimbo atauimba Keziah, naye atausahau vizuri kuliko mimi.

Nitamwambia, ila si kabla hujaja. Njoo Jumatano ya wiki ijayo, onyesho la mchana, nimekuwekea kiti cha mbele. Wewe ndiye uliyekaa na mama, unaujua uso ule, na katika ukumbi mzima ni wewe peke yako utakayejua kama naigiza. Ukiona siigizi, panda jukwaani unishike mkono tutoke. Usione haya kukatiza. Watadhani ndivyo mchezo ulivyo, watatupigia makofi sote wawili.

Nisalimie Walt, ila hili usimwambie kwanza. Goti lifunge kitambaa cha sufu, safari ni ndefu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Lorraine