Mkono wa Mkamwana

Jumatatu, 2 Juni
Vyungu saba vinakauka barazani. Cha nane kiliharibika mdomo, nimekirudisha kuwa udongo. Baridi kali. Atukuzwe kanichotea maji bila kuambiwa. Elia, mwanangu dereva wa lori, alimleta kwangu mwezi uliopita, yeye na mtoto, mpaka apate nyumba Dar. Mkamwana wangu huyu ni Mnyakyusa wa Kyela, huko ziwani. Anasema hajui kufinyanga. Sawa. Lakini leo alidhani simwoni, akaliminya donge la udongo kwa kidole gumba kama mtu anayepima parachichi. Kisha akalinusa. Nani hunusa udongo kama si mfinyanzi?

Alhamisi, 5 Juni
Kanisalimia Kishambaa. "Onga maundo." Kafundishwa na Mama Rehema, jirani. Mtu akijifunza lugha yako upesi hivyo, kuna kitu anatafuta. Na kweli, mchana akauliza udongo nauchimba wapi. Nikasema mbali. Uongo. Ni bondeni, chini ya migomba. Mama alinionyesha mimi tu. Binti zangu wawili walikataa kazi hii, wakaenda mjini. Sitampa mtu wa kuja.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani alishika sauti ya pili, ya kwao. Wimbo wetu ule ule, ukawa mwingine. Wanawake walimsifu mpaka nje ya mlango. Mimi nilitangulia nyumbani. Ulikuwa mzuri, na hicho ndicho kilichoniudhi.
Jioni nilishuka bondeni. Kuna shimo jipya. Dogo, limekatwa kwa kisu, safi. Mimi hutumia jembe.

Jumatatu, 9 Juni
Kampeleka mtoto kliniki. Nikaingia chumbani kwake. Najua si tabia nzuri. Chini ya kitanda, ndani ya kitenge kilicholoweshwa, chungu. Chembamba kuliko vyangu. Tumbo la duara kabisa, si letu. Lakini mdomo umekunjwa kama ninavyokunja mimi, kama alivyokunja mama. Ameniibia kwa macho. Nikakirudisha.

Alhamisi, 12 Juni
Nitachoma keshokutwa. Nisisubiri. Kila siku vinapokaa pale barazani, anavisoma.

Jumamosi, 14 Juni
Nimechoma. Vinne vimepasuka. Mama Rehema alikuwepo, kaja kuomba moto. Mbele yake nikamgeukia Atukuzwe.
"Umekuja kuniibia kazi, na sasa umeniharibia."
Hakulia. Alisema, "Mama, Elia alinikataza nisiguse udongo. Nilishindwa."
Akambeba mtoto, akachukua begi, akaenda kwa Mama Rehema. Mama Rehema hakunitazama. Nyumba kimya. Afadhali.

Jumatatu, 16 Juni
Elia kapiga simu. Nilijiandaa kugombana, hakugombana. Kasema Atukuzwe amefinyanga tangu utotoni, kwao wanawake wote ni wafinyanzi, na ni yeye Elia aliyemwambia afiche. Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Nakujua, mama." Basi. Akaniuliza habari za mvua. Maneno mawili hayo nimetembea nayo siku nzima.

Jumatano, 18 Juni
Nimeokota vigae nivisage, nichanganye na udongo mpya. Vipande vya kitako ndani ni vyeusi, alama ya unyevu. Havikuwa vimekauka. Juni hii yote ni ukungu, na mimi nilikimbilia kuchoma. Kosa ni langu. Mtoto wa darasa la tatu angeliona. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 22 Juni
Hakuja kanisani. Wimbo ulikuwa kama zamani. Mwembamba.

Alhamisi, 26 Juni
Gulio Lushoto. Mama Rehema kapanga kabichi zake, na pembeni vyungu vitatu. Nilivijua kabla sijafika. Tumbo la ziwani, mdomo wa mama yangu, na mistari myeupe shingoni ambayo sijui imetoka wapi. Atukuzwe alikuwa nyuma, ananyonyesha. Akasimama, akaniamkia. "Shikamoo, mama." Nikaitikia.
Akatokea mama mmoja wa Mnazi, huko tambarare, kapanda mlima kununua viazi. Akakigonga chungu kwa kucha, kikalia vizuri. Akaniuliza mimi, kwa kuwa ananifahamu kwa kazi yangu, kama hiki ni chungu cha Kishambaa kweli au anadanganywa.
Ningesema hapana, angekiacha. Na wengine wangekiacha. Atukuzwe alikuwa ananitazama. Mama Rehema pia. Nilikishika. Kilikuwa chepesi. Nilitaka kukuta kosa, sikulikuta.
"Ni cha mkamwana wangu," nikasema.
Akakichukua. Nikageukia kabichi, nikachagua moja.

Jumapili, 29 Juni
Ukungu ulishuka mapema. Baada ya ibada Atukuzwe alikuja na mtoto, hakuwa na begi. Alikaa jikoni, akaanza kuchambua mchicha uliokuwa kwenye ungo. Nikakaa upande wa pili. Kwa Kishambaa ningejua pa kuanzia. Kwa Kiswahili nilizunguka sana, habari za kuku, habari za Elia. Mwishowe nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Haya, mama." Akaendelea kuchambua. Mtoto alisinzia mapajani kwangu, mguu ukafa ganzi, sikumsogeza.