Bakuli Linaloishia Kizuizini

Kampala, Jumatano

Mvua haijakatika tangu asubuhi na kuni zote zimelowa. Nimepika hivyo hivyo, machozi ya moshi yakinitoka, kwa sababu niliapa na sirudi nyuma sasa.

Ni wiki ya tatu tangu daktari ampime Baba Amina presha, akatikisa kichwa. Alisema aache chipsi, aache nyama ya kukaanga, apunguze chumvi, la sivyo moyo utamsimama akiwa juu ya baiskeli.

Nikiri hapa, maana hapa hakuna wa kunisuta: ni mimi niliyewazoesha. Nikitoka kuuza vitambaa sokoni Kikuubo nimechoka, napita Kisenyi nanunua chipsi na sambusa kwenye karatasi ya gazeti, nawagawia watoto, naita chakula cha jioni. Na mafuta yenyewe siku hizi! Huu mwaka wa nne tangu Wahindi wafukuzwe, madukani rafu tupu, basi wakaangaji wanayarudia mpaka yawe meusi kama oili ya lori. Sisi tunalamba vidole.

Nikakata shauri. Mchicha wa dodo kutoka soko la Kalerwe, maharage, matoke ya mvuke, na mboga za ufuta alizonifundisha mama, ambazo hazitaki hata tone la mafuta. Amina na mdogo wake walinuna siku nne, ya tano wakala. Baba Amina nikawa namfungia bakuli lake la mchana aende nalo karakana. Kila jioni linarudi tupu. Kichwa kikanivimba.

Tulichogombania ni chumvi tu. Karibu kila siku ananiambia, "Mama Amina, ongeza chumvi kidogo." Namkatalia, namwambia ana kichwa kigumu.

Leo tumerudi kwa daktari.

Presha haijashuka hata kidogo. Nilimgeukia pale pale nje ya hospitali, mvua ikitunyeshea, nikamwuliza huko kazini anakula nini. Akatazama viatu vyake.

"Ile chakula mimi sikuli, Mama Amina. Askari anakula."

Kwenye kizuizi cha barabarani anakopita kila asubuhi kuna mwanajeshi mmoja. Siku ya kwanza alifunua bakuli akidhani limeficha kitu, akanusa ufuta, akakaa juu ya gunia la mchanga akala yote. Kisha akamwambia, "Bibi yako napika muzuri kama mama yangu kule nyumbani. Lakini chumvi kidogo sana. Ambia yeye ongeza." Kumbe wiki tatu nzima nagombana juu ya chumvi na mtu mwenye bunduki! Na mume wangu mchana anarudia chipsi zake, tena bila huzuni kubwa, namjua.

Nilitaka kucheka. Nikashindwa, kwa sababu alikuwa hajamaliza. Wiki iliyopita, pale pale kizuizini, watu wawili waliokuwa mbele yake walipakiwa kwenye gari, na hadi leo hakuna aliyewaona. Yeye alipungiwa mkono apite. "Ile bakuli ndio pasi yangu," akaniambia.

Namkasirikia mpaka sasa ninapoandika. Wiki tatu amebeba hofu ya kizuizi hicho peke yake, na mimi nikimhubiria habari za chumvi! Nampenda mtu huyu. Sitaki afe kwa chipsi, na sitaki afe kwa bunduki.

Kwa hiyo chipsi hazirudi katika nyumba hii. Watoto wataendelea, mimi nitaendelea, na Baba Amina ndiyo kwanza anaanza. Kuanzia kesho natoa mabakuli mawili. La askari litafungwa juu ya baiskeli lionekane, chumvi kama anavyotaka, na kipande cha nyama nikijaliwa. La mume wangu litakaa ndani ya mfuko wa spana, chini kabisa. Ameapa mbele ya watoto kwamba atalila.

Nitaamka kabla ya adhana nitwange ufuta wa watu wawili. Jina la yule askari sitaki kulijua. Nataka ashibe tu, kila asubuhi, mpaka mume wangu apite.

Na siku wakimhamisha wakaleta mwingine?

Nitamtuma Baba Amina amwulize naye anapenda nini.