Bi Marinda Hakatwi Shingo

Maskati, mwisho wa mwaka 1970

Mama yangu kipenzi,

Huko uliko barua haifiki, najua, lakini leo nna hasira na sina mwengine wa kumwambia. Mama mkwe wangu, Bi Thuraya, anahamia kwetu Ijumaa, na kabla hajatia mguu anataka nimkate shingo Bi Marinda. Mstari mmoja wa wino kooni, anasema, ili picha isihesabike tena kuwa ya kiumbe na malaika waingie nyumbani. Nikikataa, basi nimchome moto. Leo Jumatano. Wallahi sifanyi hili wala lile.

Unakumbuka ulivyompata? Yule memsahibu wa Kizungu uliyekuwa ukimshonea magauni alipofunga mizigo kurudi kwao, alikuachia picha ile na fremu yake. Akakueleza kuwa huyo ni mke wa mtukufu mmoja wa Ulaya, wa zamani za kale, na kwamba fundi alimchonga kwanza kwenye bamba la shaba, mstari mmoja mmoja, ndipo akapigwa chapa kwenye karatasi. Jina lake lilikuwa chini, kwa herufi za mikia mikia ambazo hata mwalimu wangu hakuweza kuzisoma. Wewe wala hukujali. Macho yako yalikuwa kwenye ile kola ya marinda iliyomzunguka tangu mabegani mpaka masikioni, ukamwita Bi Marinda palepale. Ukapitisha kidole juu ya kioo. "Huyu hakuchorwa," ukasema, "huyu kashonwa kwa wino."

Na kola yenyewe si ukaiiga! Ukamshonea bi harusi wa mtaani, ukaitia wanga mpaka ikasimama kama sahani. Maskini, akashindwa kugeuza kichwa, akashindwa hata kula biriani ya harusi yake. Mamake akaja juu. "Bi harusi hali," ukamjibu, "bi harusi anatazamwa." Nilicheka mpaka ukanitoa nje.

Hata haya ya kukata shingo si mapya. Bi Khole wa mlango wa pili aliwahi kuja na wino wake kukunasihi kwa ajili ya Mungu. Ukamteremsha Bi Marinda ukutani, ukamwekea mapajani. "Shingo iko wapi? Nioneshe, ntaikata mwenyewe." Bi Khole akatafuta, akaigeuza picha huku na huku. Shingo hakuna! Kichwa kimekaa juu ya marinda kama embe juu ya sinia. Bi wa watu akapaliwa na kahawa kwa kucheka. Na adhana ilipoadhiniwa mkaenda kuswali pamoja chumba cha pili, yakaisha.

Halafu ikaja sitini na nne na mapinduzi yake, watu wakawa wanakimbia. Nafasi ilipopatikana kwenye meli ilikuwa moja tu, ukanipa mimi. Ukamtoa Bi Marinda kwenye fremu yake, ukamshonea ndani ya mto wangu, baina ya pamba na foronya. "Tangulia naye," ukasema, "mie nakuja nyuma." Hukuja, Mama. Khabari ya kifo chako nilipewa kwa mdomo na msafiri, mwezi mzima ushazikwa. Nilikukasirikia sana kwa lile neno lako, na hasira hiyo bado nnayo kidogo.

Basi juzi nikamjaribu Bi Thuraya kwa hoja yako ileile ya shingo. Hakucheka hata kidogo. Yeye hajatoka Maskati maisha yake yote, na husema nami Kiarabu polepole kana kwamba mie kiziwi. "Kama hana shingo, futa uso," akasema. Kisha akaongeza, "Nyie wa Zinjibar mmekimbia mkaacha kila kitu, mkabeba Mzungu?" Nikamjibu kwa Kiarabu changu kibovu: ndiyo, tumebeba, na hashuki ukutani.

Mume wangu Salum ni mtu mwema, ila mbele ya mamake hana kauli. Jana kaja na kalamu na kichupa cha wino. "Mstari mmoja tu, mke wangu. Mstari una nini?" Nikakichukua kile kichupa, nikaumwaga wino wote uani, yeye anatazama. Sijawahi kumfanyia vile tangu anioe, mwenyewe nilishtuka. Nikamwambia naswali tano kama wao, nafunga kama wao, na huyu simuabudu. Akaniuliza, kwa upole khasa, "Kama humuabudu, ni nani wako basi?" Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Jibu lake hili hapa. Wewe hukupigwa picha hata moja. Kila nilipokubembeleza twende studio, ulisema kuna joto, tutakwenda siku nyengine. Na sasa, Mama, sura yako inaniponyoka. Mikono yako naikumbuka, sauti yako naisikia, lakini nikiutafuta uso wako napata kipande cha shavu na kipini cha pua, basi. Kila asubuhi, kabla hujakanyaga cherehani, ulisimama ukamtazama Bi Marinda, naye akakutazama. Katika vyote nilivyopona navyo, ni uso huu tu uliokuwa ukitazamana na wako. Nikisimama mbele yake najua macho yako yalikuwa yakitua wapi. Wanataka niufute!

Salum akirudi sokoni ntamwambia hivyo hivyo, nikilia nikisitasita. Akinielewa, alhamdulillahi. Asiponielewa, Ijumaa mamake atakuta chumba safi kisicho na picha cha kulala na kuswali, atakuta chakula, atakuta heshima zake zote. Na chumbani kwangu atamkuta Bi Marinda na macho yake mawili. Atakayekuja na wino, aanze na uso wangu.

Mungu akulaze pema, Mama.

Mwanao mkaidi,
Zuwena